Mbivu na Mbichi za Fundi Chunusi

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Fundi Chunusi ni kwamba hakuniangalia mimi. Aliangalia ngozi yangu. Nilikuwa nimeketi kwenye stuli ya studio yake, pazia la bluu nyuma yangu, mgongo nimeunyoosha kama nilivyofundishwa shuleni, nikisubiri macho yetu yakutane ili nimsalimie vizuri. Hayakukutana. Yeye aliyapitisha yake kutoka kidevuni hadi kwenye paji la uso, taratibu, kama fundi rangi anayekagua ukuta kabla ya kuchovya brashi, kisha akasema, "Mbili shavuni, moja puani. Usijali, binti. Utatoka hapa laini kama yai."

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Sasa usicheke."

Ndipo nilipoelewa kwa nini mtaa mzima unamwita hivyo. Jina lake la kuzaliwa limeandikwa kwenye leseni iliyotundikwa juu ya mlango, lakini sijaona mtu akilisoma. Kwa miaka ishirini na sita amepiga picha za pasipoti, za vitambulisho vya kazi na za fomu za mitihani, na katika miaka hiyo yote hajamwacha mteja aondoke na chunusi usoni. Hufanya hivyo bila kuombwa. Ndani ya kompyuta yake kuna kifaa kidogo cha duara ambacho yeye hukiita "pamba". Huipitisha pamba juu ya doa, mara moja, mara mbili, na doa linatoweka kama uchafu uliofutwa kwa spiriti. Vipele, alama za mbu, mabaka ya jua, vyote huondoka na pamba.

Wiki moja baadaye nilirudi nimefura. Nilikuwa nimehitimu ualimu, na picha ile ilikuwa ya fomu ya maombi ya kazi. Kwenye fomu kulikuwa na sehemu ya alama maalumu, nami kwa uaminifu wote nikaandika: kovu juu ya nyusi ya kushoto. Nililipata nikiwa na miaka sita, siku niliyoshindana na kaka yangu kushuka ngazi. Karani wa ofisi aliiweka picha karibu na uso wangu, akaangalia huku, akaangalia kule.

"Huyu ni dada yako?"

"Ni mimi."

"Wewe una kovu. Huyu hana. Nenda kalete picha yako."

Njiani nilitunga hotuba yenye utangulizi, hoja tatu na hitimisho. Haikunisaidia kitu. Studio ile ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia: nyuma anakaa Fundi na kamera yake, mbele anakaa mkewe na cherehani, na huwezi kumfikia Fundi bila kumpita mkewe. Mtaa unamwita Mama Pindo, kwa sababu hawezi kuona pindo lililoachia akanyamaza. Hata mgeni aliyeingia kuuliza njia huambiwa kwanza asimame, achomekwe pini, ndipo aelekezwe.

"Kakufuta nini?" aliniuliza kabla sijafungua mdomo, mguu wake ukiwa bado juu ya kanyagio.

"Kovu, Mama."

"Baba watoto! Hebu njoo hapa. Umemfuta mtoto wa watu kovu lake."

Fundi alitoka nyuma ya pazia akiwa ameshika kitambaa cha kufutia lenzi. Safari hii aliniangalia mimi. "Lilikuwepo?"

"Lipo," nikasema, na hotuba yangu ikaishia hapo.

Alinipeleka kwenye kompyuta. Kila picha anayoipiga huihifadhi mara mbili. Ilivyotoka kwenye kamera huiweka kwenye folda aliyoipa jina MBICHI. Iliyokwisha kupitiwa na pamba huenda kwenye folda ya MBIVU. Mteja hupewa mbivu. Mbichi hakuna anayeziona. Alifungua mbichi yangu na kovu likawa pale pale, jembamba, limekaa juu ya nyusi kama uzi mweupe uliosahauliwa kwenye nguo. Alilitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Sikumbuki kulifuta," alisema. "Mkono ulikwenda wenyewe."

"Mkono wako huo," mkewe akajibu kutoka mbele, "siku moja utanifuta na mimi."

Mashine ya kuchapishia ilipokuwa ikipata moto, nikaanza kutazama ukuta. Ulijaa picha za ndege. Kulikuwa na mwewe juu ya tangi la maji, yangeyange kwenye mtaro, chozi, kale kandege kadogo, akinywa kwenye ua, na saba zilizobaki zote zilikuwa za korongo weupe, wale wenye ncha nyeusi za mabawa na mdomo mrefu. Mbingu nyuma yao ilikuwa ya bluu kama ndoo mpya ya plastiki. Miguu ya korongo iling'aa kwa wekundu, kama iliyotoka kupakwa rangi ya kucha.

"Fundi, hawa ndege wako wamealikwa harusini?"

"Nimewapamba mwenyewe," akasema kwa fahari.

Nilicheka. Yeye pia alicheka. Cherehani ya Mama Pindo, iliyokuwa ikienda taratibu, ikaanza kwenda mbio.

Sababu ya mbio zile nilielezwa na kinyozi, ambaye kibanda chake kimeegemea studio ile, na ambaye husikia kila kinachosemwa upande wa pili wa ukuta na mara nyingi hukijibu. Nyuma ya maduka yao kuna kiwanja cha mpira cha shule. Kila mwaka, mvua za kwanza zikishalowesha ardhi na nyasi zikarefuka, mkata nyasi wa shule huingia kiwanjani na trekta lake. Siku hiyohiyo, au kesho yake, korongo hushuka, thelathini au arobaini, wakatembea nyuma ya trekta wakiokota panzi waliokimbia makazi. Hukaa wiki chache, kisha huondoka kwenda wanakokujua wao.

Miaka saba iliyopita, Mama Pindo akinywa chai kwenye mlango wa nyuma, alimnyooshea kidole korongo mmoja. "Yule anatembea kama aliyeshonewa sketi pindo limeshuka upande mmoja," alisema. Na kweli, ndege yule aliuinua mguu wa kulia juu zaidi ya mwenzake na kuutua kwa uangalifu, kama anayeogopa kujikanyaga. Mwaka uliofuata korongo waliposhuka, Mama Pindo alitoka hadi kwenye uzio, utepe wa kupimia ukiwa bado umening'inia shingoni, akarudi uso umechangamka. "Mgeni wetu amerudi," alisema.

"Korongo gani?" kinyozi akauliza kutoka kibandani. "Lile la barabarani lililochimbwa na maji? Hilo mbona halijawahi kuondoka!"

Mama Pindo alicheka na wengine. Anapenda utani, hata ule unaomwelekea yeye. Lakini mwaka wa tatu aliposema tena kwamba mgeni wao amerudi, Fundi aliingilia, na Fundi aliingilia kama mtaalamu. Ndege ni mapenzi yake ya Jumapili. Anayo lenzi kubwa kuukuu ambayo huibeba kama mtoto mchanga, na alikuwa amewapiga picha korongo wale tangu mwaka wa kwanza. Alizichukua mbivu zake za miaka mitatu, akazipanga kwenye benchi la kinyozi mbele ya wateja. "Mimi kazi yangu ni kutambulisha watu," alisema. "Kitu kisicho na alama hakitambuliki. Haya, nionyesheni alama moja tu hapa." Hakuna aliyeiona. Miguu ilikuwa myekundu, safi, sawasawa. Kinyozi alicheka mpaka mashine ikamponyoka, na mteja mmoja akaondoka na sharubu upande.

Tangu hapo ikawa desturi. Mtu akichelewa kufuata nguo zake, anaulizwa kama amekuja na korongo. Mama Pindo akisema jambo lisilo na ushahidi, mtu anamwambia alitafutie picha.

Kinyozi hakuniambia yote. Lililobaki nililisikia kwa Fundi mwenyewe, siku chache baadaye, nilipopita kumwambia kwamba fomu yangu imepokelewa na kovu langu limetambuliwa rasmi. Alinivutia ndani ya pazia na kupunguza sauti.

"Mwaka jana trekta liliponguruma, hakuinuka," alisema. "Nilimwita mara mbili. Akasema ana nguo ya kumaliza. Korongo walikaa wiki tatu, binti. Wiki tatu hakutoka hata mara moja."

Alikikunja na kukikunjua kile kitambaa cha lenzi.

"Nikadhani amechoka tu. Halafu ukaja wewe na kovu lako. Tangu siku ile najiuliza, mkono huu umefuta nini kingine?"

Alikuwa ameamua kuzipitia picha zake zote za ndege upya, kuanzia mbichi. Lakini alihitaji mtu wa kukaa naye. Macho yake, alisema, yalishazoea kufuta. Alitaka macho yasiyojua pamba. Mimi nilikuwa nasubiri barua ya kazi, na nyumbani walishachoka kuniona nikiisubiri. Tulianza kesho yake.

Tulifanya kazi kuanzia saa nne asubuhi, watu wa pasipoti wakishapungua. Fundi alifungua picha mbili kwa wakati mmoja kwenye kioo cha kompyuta, mbichi kushoto na mbivu kulia, na kazi yangu ilikuwa kusema kimepungua nini. Mwanzoni tulicheka sana. Alikuwa amefuta nyaya za umeme, milingoti ya goli na soksi ya mwanafunzi iliyoning'inia kwenye uzio. Katika picha moja maarufu sana ukutani, korongo amesimama akitazama mbali kama mwanafalsafa. Kwenye mbichi, mdomoni kulikuwa na nusu ya panzi.

"Nusu ya panzi nayo umeifuta?"

"Ilikuwa kama uchafu."

"Fundi, hicho kilikuwa chakula chake cha mchana."

Alijiinamia akicheka, mabega yakitikisika. Kisha akarudisha panzi mahali pake, akapunguza bluu ya mbingu mpaka ikawa mbingu ya siku ile, yenye mawingu ya kawaida. Alishangaa kuona kwamba picha imekuwa nzuri zaidi. Aliniambia kwamba zamani aliamini mwanga ni kama mke wa mtu, haufai kuachwa ulivyo mbele za watu bila kupambwa. Kutoka mbele ya pazia sauti ikasema, "Nimesikia," na tukainamia kioo.

Miguu ndiyo iliyonishangaza. Kwenye mbichi zote miguu ya korongo ilikuwa myeupe, kama iliyochovywa kwenye chokaa. Fundi akaniambia, kwa aibu kidogo, kwamba ndege hawa wakiona joto hujinyea miguuni ili wapoe. Alipowaona hivyo kwenye kompyuta aliona ni uchafu, akawaosha mguu mmoja mmoja na kuwarudishia wekundu. Alikuwa ameosha miguu zaidi ya mia mbili.

Siku ya nne tulifika kwenye picha za mwaka wa nne. Korongo mmoja alikuwa amesimama karibu na uzio, ubavu umetuelekea. Juu ya goti la mguu wa kulia palikuwa na mkanda mweusi.

"Tope," alisema Fundi, na mkono wake ukaanza kuelekea kwenye pamba, wenyewe kabisa, kama alivyosema siku ile.

"Fundi, subiri. Tope halina herufi."

Mkono ukasimama. Alikuza picha, akaikuza tena, mpaka mguu ukajaza kioo kizima. Mkanda ule ulikuwa pete nyeusi iliyozunguka mguu, na juu ya weusi kulikuwa na maandishi meupe yaliyosimama: A, kisha 3, kisha 1. Baada ya hapo mguu ulipinda na maandishi yakazunguka upande wa pili.

Sikuwahi kumwona mtu akitazama kitu alichokipiga mwenyewe kana kwamba amekiokota njiani.

Hatukula mchana ule. Mbichi za miaka miwili ya kwanza Fundi alizifuta zamani diski ilipojaa, kwa hiyo tulibaki na miaka mitano. Tuliporudi kwenye mwaka wa tatu pete ilionekana, lakini nyasi zilifunika maandishi. Mwaka wa tano tulimpata mmoja anayefanana kwa kila kitu, ila alisimama kwa mguu mmoja, na mguu aliokunja ulikuwa wa kulia. "Hata huyu naye!" Fundi alimfokea ndege wa kwenye kioo. Mwaka wa sita pete ilisomeka 318. Tulipofika mwaka jana, mwaka ambao Mama Pindo hakuinuka, picha ilikuwa wazi kama ya kitambulisho. Korongo amesimama wima, mguu wa kulia mbele, na pete imegeukia lenzi: A318.

Katika ndege wengine wote tuliowakagua, hakuna hata mmoja aliyekuwa na pete.

Fundi aliegemea kiti. Mbele ya pazia tulisikia mkasi ukikata kitambaa, taratibu, ukipumzika kwenye kona.

"Kwa hiyo ushahidi ulikuwepo," alisema kwa sauti ndogo. "Kila mwaka nilikuwa nao. Naufuta, halafu nakwenda kumwambia mke wangu mbele ya watu kwamba haupo."

Nilimshauri aombe radhi kwa maneno yaliyopangwa vizuri, na nikajitolea kumwandikia utangulizi. Alinitazama kwa huruma. "Mwalimu," alisema, kwa maana alishaanza kuniita hivyo hata kabla ya barua yangu kuja, "mimi ni fundi picha. Nitampa picha."

Aliichukua mbichi ya mwaka jana, akanyoosha mstari wa ardhi, akainua mwanga kidogo kwenye kivuli cha tumbo, na hakugusa kingine. Akaikata kwa kipimo cha pasipoti na kuchapisha nne kwenye karatasi moja, kama tunavyochapishiwa sote. Nyuma akaandika kwa kalamu: Alama maalumu: pete mguu wa kulia, na mwendo. Akatia kwenye bahasha ndogo ya kaki anayowapa wateja, akatoka nyuma ya pazia, akasimama mbele ya meza ya cherehani kama mtu aliyepanga foleni.

Ukutani pale kuna kibao kinachosema KAGUA KABLA HUJAONDOKA. Fundi alimkabidhi mkewe bahasha. "Kagua kabla hujaondoka."

"Naondoka kwenda wapi?"

"Wewe kagua tu."

Mama Pindo alivaa miwani, akaisogeza karatasi kwenye mwanga wa mlangoni. "Huyu mbona miguu michafu?"

"Ndivyo alivyo. Mbichi hiyo."

"Na hiki cheusi?"

"Pete. Ina namba. Tumeisoma kwenye picha za miaka mitatu, ni ileile." Fundi aligusa ukingo wa meza. "Ni yuleyule, Mama watoto. Ulisema kweli tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyekuwa naifuta nikidhani ni tope."

Mama Pindo aligeuza karatasi, akasoma nyuma, akaigeuza tena. Kidole chake kilisimama kwenye neno la mwisho, mwendo. Nilishikilia pazia nikitamani kuwa sehemu yake.

"Kumbe mgeni wangu anakuja kila mwaka na pete yake," alisema hatimaye, "na kila mwaka wewe unamvua."

"Nilidhani ni tope."

"Na ya kwako iko wapi?"

Fundi aliangalia kidole chake. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba pete yake ya ndoa ilimteleza zamani, enzi za filamu, kwenye beseni la dawa ya kusafishia picha, ikamwagwa pamoja na maji kwenye mtaro. Ilikuwa miaka kumi na tisa iliyopita, na kesi yake haijafungwa. Walitazamana, kisha Mama Pindo akaangua kicheko cha kumwaga machozi, akavua miwani na kuifuta kwa kipande cha kitambaa cha mteja. Fundi naye akacheka, kwanza kwa woga, halafu kwa pumzi ya mtu aliyetua mzigo.

Lakini mkewe alipomaliza kucheka alisimama, utepe wa kupimia shingoni. "Uliniambia mbele ya watu. Twende ukaniambie tena mbele ya watu. Leo tutajua mbivu na mbichi."

Kinyozi alikuwa amemfikisha mteja katikati ya kidevu. Fundi alisimama mlangoni pa kibanda, mkewe nyuma yake, mimi nyuma ya mkewe.

"Jirani, nina la kusema. Korongo wa mke wangu ni mmoja. Anarudi. Ana pete."

Mashine ilizimwa. "Kwa hiyo Mama Pindo alikuwa sahihi?"

"Miaka yote."

"Na zile picha ulizotupangia hapa kwenye benchi?"

"Zilikuwa zinasema uongo. Nilizifundisha mwenyewe."

Kinyozi aliipokea ile karatasi ya pasipoti, akamwonyesha mteja wake mwenye nusu kidevu, wakaikagua pamoja. Kisha akaweka mkono kifuani. "Mama Pindo, nisamehe, dada yangu. Mgeni wako akifika mlete hapa. Kichwa na ndevu, zawadi yangu."

"Hana ndevu."

"Basi nitamkata kucha."

Barua kwa watu wanaovisha ndege pete ili kujua safari zao, ambao anwani yao niliipata mtandaoni, niliiandika mimi, kwa barua pepe, kwa Kiingereza changu cha darasani. Nilitaja namba, miaka na mahali, nikaambatisha picha tatu mbichi. Mama Pindo alisimama nyuma yangu akihakikisha nimeandika habari za mwendo. "Waambie anainua wa kulia," alisema. "Wasiseme tumebahatisha." Majibu yalikuja siku ya tisa. A318 alivishwa pete akiwa kinda, miaka kumi na mmoja iliyopita, kwenye kiota kilichojengwa juu ya bomba la moshi la shule, katika mji wenye theluji. Walikuwa watatu kiotani. Tangu siku ile hakuna mtu yeyote, katika nchi zote anazozipita, aliyewahi kutoa taarifa ya kumwona. Waliandika kwamba kwenye daftari lao walishamweka katika kundi la wanaodhaniwa kufa. Habari za mguu hawakuwa nazo, na walishukuru, wakasema wameziongeza. Walituomba jambo moja: akionekana mwaka huu, tuwatumie tarehe na picha.

Niliwatafsiria. Mama Pindo aliniomba nirudie pale kwenye kufa.

"Amekufaje, naye yuko hapa nyuma anakula panzi?"

"Hakukuwa na ushahidi, Mama."

Alimgeukia mumewe, akamtazama tu. Fundi akaenda kupika chai.

Sasa ukuta wa studio umebadilika. Picha saba za korongo zimeshushwa, na mahali pake kuna tano mpya kutoka kwenye mbichi, zenye mawingu, nyaya, milingoti na miguu ya chokaa. Nafasi mbili zimeachwa wazi kwa miaka isiyo na mbichi. Niliuliza kwa nini asiweke zile za zamani, na Mama Pindo ndiye aliyenijibu kwamba nguo ikikatwa vibaya hairudi kwenye jora. Panzi amekuwa maarufu kuliko mwanafalsafa. Wateja wa pasipoti nao wameona tofauti. Fundi bado huangalia ngozi kwanza, nadhani ataangalia ngozi mpaka siku ya mwisho, lakini kabla ya kushika pamba humgeukia aliyeketi kwenye stuli na kumuuliza, huku akionyesha kwa kidole, "Hii ni ya kupita au ya kukaa?" Ya kupita huifuta. Ya kukaa huiacha. Juzi mzee mmoja alifikiri sana kuhusu doa lililo kwenye shavu lake, kisha akasema, "Ya kukaa. Mke wangu ameizoea."

Barua yangu ya kazi imekuja. Nimepangiwa shule hiyohiyo yenye kiwanja, naanza muhula ujao. Nilipowaambia, Mama Pindo alinishika mabega, akanigeuza, akaangalia pindo la sketi yangu, akasema mwalimu haingii darasani hivyo.

Mvua za kwanza zimekwisha kunyesha. Nyasi za kiwanjani zinafika magotini, na kila asubuhi kinyozi hutoka nje, akatazama mbinguni na kikombe mkononi, akijifanya anatazama hali ya hewa. Fundi amebandika kipande cha plasta juu ya alama ya pamba kwenye kioo cha kompyuta, ili mkono wake ukienda wenyewe ugonge plasta. Lenzi kubwa imesafishwa mara tatu. Na cherehani, ambayo kwa miaka yote imetazama barabarani, imehamishwa. Nilisaidia kuibeba. Sasa iko kwenye mlango wa nyuma, na aliyeketi akishona anaona uzio, kiwanja na anga lote la juu yake.

Jana Mama Pindo alinituma kwa mkata nyasi kuuliza. Nilimkuta chini ya trekta, miguu tu ikionekana. Alisema mafuta yapo, visu vimenolewa, ataingia kiwanjani Alhamisi saa mbili asubuhi, Mungu akipenda. Nilirudi mbio kama mtoto. Mama Pindo alisikiliza, akahesabu nguo zilizokunjwa mezani, akachukua chaki anayochorea vitambaa na kuandika kwenye mlango wa mbele kwamba nguo zote zifuatwe kabla ya Jumatano jioni.

"Na Alhamisi?" nikamuuliza.

"Alhamisi," alisema, akiuvuta utepe shingoni ili ukae sawa, "pindo la mtu likiachia, na liachie."

Leo ni Jumanne.